Charles Kettering, Baba wa Cheche ya Motokaa

Wako watu ambao majina yao hayatajwi sokoni wala barazani, lakini kazi ya mikono yao imeenea duniani kote. Mmoja wao ni Charles Franklin Kettering, Mmarekani aliyefariki mwaka 1958. Kila fundi aliyewahi kuinua boneti ya motokaa ya kizamani amekutana na kazi yake: kile kikopo cha chuma chenye waya mbili nyembamba na waya mmoja mnene katikati, ambacho mafundi hukiita koili. Leo tumeona vyema kuwasimulia maisha ya bwana huyu, wema wake na madhara yake, na katikati ya masimulizi hayo tutaeleza jambo moja linalowatatiza mafundi wengi, yaani namna ya kufunga koili mpya katika motokaa ya zamani ambayo ncha chanya ya betri yake imefungwa kwenye bodi.

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876, katika shamba lililo karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto watano. Tangu utotoni alipenda sana kujua kila kitu kinafanyaje kazi, lakini macho yake yalikuwa dhaifu, na kusoma kwa muda mrefu kulimletea maumivu makali ya kichwa. Alipomaliza masomo ya shule alifanya kazi ya ualimu vijijini kwanza, kisha akaenda kusoma katika chuo cha Wooster na baadaye Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Macho yakamshinda, akalazimika kuacha masomo. Kijana mwingine angekata tamaa. Yeye akajiunga na kikosi cha kusimika nguzo za simu na kutandaza nyaya, akachimba mashimo juani pamoja na vibarua wenzake, hata akafanywa msimamizi wao. Ndiko alikojifunza umeme kwa mikono kabla ya kuujua barabara kwa vitabu. Hatimaye akarudi chuoni, na mwaka 1904 akapata shahada ya uhandisi wa umeme, akiwa amekaribia umri wa miaka 28. Mwaka uliofuata alimwoa Olive Williams, ambaye alifahamiana naye katika siku zile za kazi ya simu.

Kazi yake ya kwanza baada ya chuo ilikuwa katika kampuni ya National Cash Register ya mji wa Dayton, iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Wakati huo mwenye duka alilazimika kuzungusha mkono wa mashine kila alipouza kitu. Kettering alipewa kazi ya kuitia mashine hiyo mota ya umeme. Wajuzi waliona kwamba mota yenye nguvu ya kutosha ingekuwa kubwa mno isingeweza kutoshea ndani. Yeye akatambua jambo ambalo wengine hawakulitilia maanani: mota hiyo haihitaji kufanya kazi mchana kutwa. Inafanya kazi kwa nukta chache, kisha inapumzika. Kwa hiyo mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mzito kwa muda mfupi bila kuungua. Tunawaomba wasomaji walishike jambo hilo, kwa maana ndilo lililokuja kumpatia sifa duniani.

Mwaka 1909 Kettering na rafiki yake Edward Deeds waliunda kampuni yao wenyewe, Dayton Engineering Laboratories Company, ambayo jina lake likafupishwa kuwa Delco. Jina lilikuwa kubwa lakini mahali penyewe palikuwa banda tu, nyuma ya nyumba ya Deeds. Humo ndimo walimofanya kazi usiku na mwisho wa juma pamoja na wenzao wachache.

Tatizo walilolishughulikia kwanza lilikuwa la cheche. Injini ya petroli huvuta mchanganyiko wa petroli na hewa, huubana, kisha huhitaji cheche ili mchanganyiko huo ulipuke na kuisukuma pistoni. Cheche ikikosekana, au ikija kabla ya wakati wake au baada yake, injini ni chuma kitupu. Motokaa za siku zile zilikuwa na magineto, ambazo zilitoa cheche dhaifu injini ilipozunguka polepole, au zilikuwa na koili zenye ulimi uliotetemeka bila kukoma kama mbu, zikizimaliza betri kavu katika muda mfupi. Kettering aliutengeneza mtambo uliotoa cheche moja tu, yenye nguvu, kwa wakati wake hasa, na kwa kutumia umeme kidogo. Henry Leland, mkuu wa kampuni ya Cadillac, aliupenda, na mtambo huo ukatiwa katika motokaa za Cadillac za mwaka 1910.

Hapa yafaa tueleze mtambo huo ulivyo, kwa sababu ulitawala ulimwengu wa motokaa hadi miaka ya 1970, wakati vifaa vya elektroniki vilipoanza kushika mahali pake. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya kiini cha chuma. Waya wa kwanza ni mnene na una mizunguko mamia machache tu. Waya wa pili ni mwembamba kama unywele na una mizunguko maelfu mengi. Umeme wa betri hupita katika waya mnene na kukifanya kile chuma kuwa sumaku. Kisha platini zilizomo katika distribyuta hufunguka na kuikata njia ya umeme huo kwa ghafla. Sumaku inapoporomoka, huzalisha katika waya mwembamba nguvu kubwa ya umeme, volti elfu kumi, elfu ishirini na hata zaidi, ambazo huruka katika mwanya wa plagi kama radi ndogo. Kondensa iliyo kando ya platini huzuia platini zisiungue na husaidia umeme ukatike upesi.

Mtambo wa Kettering haujali ni ncha gani ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Kwa ajili hiyo watengenezaji waligawanyika. Baadhi walifunga ncha hasi, na wengine, hasa viwanda vya Uingereza, walifunga ncha chanya kwa miaka mingi, hata ikafika miaka ya 1960 ndipo wengi wao walipogeuza. Ndiyo sababu Morris, Austin na Land Rover nyingi za zamani zilizoletwa katika nchi zetu za Afrika Mashariki zilikuwa na ncha chanya kwenye bodi, na zile zinazodumu hadi leo zinaendelea kuwachanganya vijana waliojifunza kazi kwa motokaa za Kijapani.

Ugumu huja pale koili ya zamani inapokufa na ile mpya iliyonunuliwa dukani ina alama za kujumlisha na kutoa. Koili za zamani za Kiingereza zilikuwa na herufi SW na CB: ya kwanza iliunganishwa na swichi ya ufunguo, na ya pili ikaunganishwa na distribyuta. Lakini koili hiyo mpya imetengenezwa kwa ajili ya motokaa zenye ncha hasi kwenye bodi. Katika hizo, alama ya kujumlisha huunganishwa na ufunguo na alama ya kutoa huenda kwenye distribyuta. Katika motokaa yenye ncha chanya kwenye bodi mambo hugeuka: alama ya kutoa ndiyo inayounganishwa na ufunguo, na alama ya kujumlisha ndiyo inayounganishwa na distribyuta.

Kabla ya kugusa chochote, fundi aitazame betri yenyewe ili ahakikishe ni ncha gani iliyokwenda kwenye bodi, asitegemee kitabu wala maneno ya mwenye gari, kwa sababu motokaa nyingi zimegeuzwa na wamiliki wake. Kisha afungue waya wa betri ulio kwenye bodi. Aifungue koili ya zamani baada ya kuutia alama waya wa ufunguo na waya wa distribyuta. Ahakikishe koili mpya ni ya volti zile zile za motokaa, sita au kumi na mbili, na aulize dukani kama koili hiyo huhitaji kizuizi cha umeme nje yake. Koili ya aina hiyo ikifungwa bila kizuizi chake hupata joto mno na kuziunguza platini. Mwisho, asiache ufunguo umewashwa wakati injini imesimama, kwa kuwa platini zikiwa zimefungana umeme utapita bila kukatika na koili itaungua.

Huenda msomaji atauliza: kuna hasara gani nyaya zikifungwa kinyume, ikiwa injini itawaka vilevile? Kweli itawaka, na hapo ndipo penye hila. Ncha ya katikati ya plagi hupata joto kuliko ncha ya pembeni, na umeme hasi huruka kwa urahisi zaidi ukitoka kwenye chuma chenye joto. Kwa hiyo plagi hufanya kazi vizuri ncha yake ya katikati inapokuwa hasi. Nyaya za koili zikifungwa kinyume, ncha hiyo huwa chanya na cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili iruke. Siku za kwanza hutaona tofauti. Lakini plagi zinapochakaa, au gari linapopanda mlima likiwa na mzigo, injini huanza kukosa moto na kukohoa, na fundi hubadili plagi, hubadili kondensa, husafisha kabureta, na mwenye gari hulipa mara tatu kwa kosa la nyaya mbili.

Turudi kwa Kettering mwenyewe. Baada ya cheche, Leland alimwomba amwondolee hendeli. Katika siku zile motokaa iliwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma kwa mkono, na injini ilipopiga kinyume hendeli ilirudi kwa kishindo na kuvunja mikono, taya hata mbavu. Yasimuliwa kwamba Leland aliguswa na kifo cha rafiki yake Byron Carter, aliyefariki mwaka 1908 baada ya kupigwa na hendeli alipokuwa akimsaidia mwanamke njiani. Wanahistoria hawakubaliani juu ya kila sehemu ya habari hiyo, lakini majeraha ya hendeli yenyewe yalikuwa mambo ya kila siku.

Wataalamu wakasema yale yale waliyoyasema juu ya mashine ya fedha: mota ya kuizungusha injini ingekuwa kubwa karibu sawa na injini yenyewe. Kettering akatumia jibu lile lile alilolipata dukani. Stata haifanyi kazi safari nzima; hufanya kazi kwa nukta chache tu. Mwezi wa Februari 1911 mtambo wake ulijaribiwa katika Cadillac, na motokaa za Cadillac za mwaka 1912 ziliuzwa zikiwa na stata, taa za umeme na cheche ya koili, vyote vikitegemea betri moja iliyojazwa na injini yenyewe. Kuanzia hapo mtu yeyote, mwenye misuli au asiye nayo, mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, aliweza kuiwasha motokaa akiwa ameketi.

Kampuni ya Delco ilinunuliwa mwaka 1916 na baadaye ikawa sehemu ya General Motors. Kuanzia mwaka 1920 hadi mwaka 1947 Kettering aliongoza kazi zote za utafiti za shirika hilo kubwa. Si kila alichokigusa kilifaulu. Mwaka 1923 injini yake iliyopozwa kwa hewa na mapezi ya shaba ilitiwa katika Chevrolet, ikashindwa vibaya sana, hata motokaa zilizokwisha kutoka zikalazimika kurudishwa kiwandani. Kwa upande mwingine, aliongoza kazi ya kuifanya injini ya dizeli iwe nyepesi kiasi cha kufaa garimoshi. Mwezi wa Mei 1934 garimoshi la Zephyr, lililokuwa na injini ya aina hiyo, lilikwenda kutoka Denver hadi Chicago bila kusimama, safari ya kilomita 1,630 hivi, kwa muda wa saa kumi na tatu na dakika chache. Baada ya hapo siku za garimoshi za mvuke katika Marekani zikawa za kuhesabika.

Sasa tumefika mahali pazito katika maisha ya bwana huyu, na si haki kupapita kimya. Cheche yake ilipoenea, wapinzani walidai kwamba ndiyo iliyosababisha injini kugonga, yaani ile sauti ya kama nyundo ndogo ndani ya silinda injini inapobeba mzigo. Kettering alishuku kwamba kosa halikuwa katika cheche bali katika petroli. Alimpa kazi hiyo kijana wake Thomas Midgley, ambaye alijaribu vitu vingi sana. Mwezi wa Desemba 1921 waligundua kwamba kiasi kidogo mno cha dawa iliyotengenezwa kwa risasi, ile madini nzito, kikitiwa katika petroli, kugonga hukoma. Kettering alikuwa amethibitisha kwamba cheche yake haina hatia. Lakini ili kuisafisha cheche, walikuwa wamefungua mlango wa sumu.

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Limejulikana tangu enzi za kale. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923, na mwaka 1924 kampuni ya Ethyl ikaundwa kuisambaza, Kettering akiwa rais wake wa kwanza. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wafanyakazi watano wa kiwanda kilichotengeneza dawa hiyo katika jimbo la New Jersey walirukwa na akili na kufa, na wengine wengi waliugua. Vifo vilikuwa vimetokea pia katika viwanda vingine. Mauzo yalisimamishwa mwaka 1925 na uchunguzi ukafanywa, lakini mwaka 1926 kamati ya serikali ya Marekani ikaona hapana sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku. Njia nyingine ya kuzuia kugonga ilikuwapo, nayo ni kuchanganya petroli na pombe kali ya mimea, jambo ambalo Kettering na Midgley walilijua vema. Hata hivyo risasi ilikuwa rahisi, na faida yake ilikuwa mikononi mwa wachache.

Kwa muda wa nusu karne moshi wenye risasi ulimwagika katika miji yote ya dunia, ukaingia katika damu za watu, na hasa watoto, ambao akili zao hudhurika hata kwa kiasi kidogo. Mwaka 1965 mwanakemia Clair Patterson alionyesha wazi jinsi risasi ilivyokuwa imeongezeka katika mazingira na katika miili ya watu kwa sababu ya viwanda na petroli. Marekani yenyewe ilikamilisha kuiondoa katika magari ya barabarani mwaka 1996. Sisi tulisubiri zaidi: mwaka 2001 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar kuiacha petroli hiyo, na mwanzoni mwa mwaka 2006 zikawa zimeacha. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Hivyo uamuzi uliofanywa katika maabara ya Dayton ulichukua karibu miaka mia moja kufutwa.

Chini ya uongozi wa Kettering, Midgley na wenzake walitengeneza pia gesi ya kupozea majokofu, iliyotangazwa mwaka 1930. Ilichukua mahali pa gesi zenye sumu zilizokuwa zikiua watu majumbani, na ilishangiliwa kama neema. Mwaka 1974 wataalamu walionya kwamba gesi za namna hiyo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miali mikali ya jua, na mwaka 1987 mataifa yakatia sahihi huko Montreal mkataba wa kuzipunguza. Katika jambo hili tunaweza kumwonea huruma mvumbuzi, kwani hapakuwa na mtu aliyeyajua mambo ya ozoni wakati ule. Katika jambo la risasi, huruma hiyo ni vigumu kuitoa.

Kettering aliishi maisha ya mtu mwenye mali nyingi, lakini hakuacha kuvaa moyo wa karakana. Alitoa fedha nyingi kwa elimu na tiba. Mwaka 1945 yeye na Alfred Sloan, aliyekuwa mkuu wa General Motors, walianzisha jijini New York taasisi ya kuchunguza ugonjwa wa saratani, ambayo hadi leo inabeba majina yao. Mwaka uliofuata saratani ikamchukua mkewe Olive. Mzee huyo aliendelea na kazi, akigharimia utafiti wa namna majani ya mimea yanavyougeuza mwanga wa jua kuwa chakula, jambo alilotamani kulielewa kwa miaka mingi. Alifariki nyumbani kwake Dayton tarehe 25 Novemba 1958, akiwa na umri wa miaka 82. Alikuwa amepewa zaidi ya hati mia moja za uvumbuzi, na mji mmoja ulio jirani na Dayton unaitwa kwa jina lake.

Basi tumhukumu vipi mtu wa namna hii? Mikono mingapi imesalimika kwa sababu ya stata yake? Na watoto wangapi wamedhurika kwa sababu ya risasi yake? Hapana mizani ya kupima mawili hayo kwa pamoja. Sisi tunaona kwamba ugonjwa wa petroli hiyo unafanana na wa ile koili iliyofungwa kinyume: gari lilikwenda vizuri, wenye mali wakaridhika, na kwa kuwa lilikwenda, wachache tu ndio waliouliza gharama yake nani anailipa. Kettering alikuwa na akili ya kuuliza, na aliuliza mara nyingi pale wengine walipokubali kwamba jambo haliwezekani. Mara moja, mahali ambapo swali lilihitajika kuliko pengine pote, hakuliuliza vya kutosha.

Mafundi wetu, ninyi mnaorithi kazi ya mikono yake, mchukueni katika ubora wake. Itazameni betri kabla ya kushika waya. Na mkiisha kuiwasha injini, msifunge boneti upesi, isikilizeni kwanza.